Ni ndege gani walio hai wanaofanana zaidi na dinosau?

Mwongozaji wa Sabaki (Malindi)

Assalamu alaykum wanajukwaa. Kazi yangu ni kuwapeleka wageni kutazama ndege kwenye mlango wa Mto Sabaki na, mara nyingine, katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Siku hizi kila kundi halikosi mtu mwenye picha ya korongo nyangumi kwenye simu yake, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana mno, akishikilia kwamba huyo ndiye dinosau aliyesalia duniani, kisha akanitaka nimwonyeshe wa kwetu aliye mfano wake. Naomba kuelezwa mambo mawili. Ni ndege gani hasa walio hai wanaofanana zaidi na dinosau, na je, mfanano huo ni wa nasaba au ni wa sura tu? Sipendi kumwambia mgeni neno nisiloweza kulitetea.

Maalim wa Biolojia

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linaloamua la kwanza. Ndege wote, kuanzia mbuni hadi shomoro wa darini, wametokana na kundi moja la dinosau waliotembea kwa miguu miwili, na kwa hiyo hakuna ndege aliye dinosau zaidi ya mwenzake kwa nasaba. Huyo korongo nyangumi jamaa zake wa karibu ni mwari na fundichuma, na mdomo wake ule wa kutisha ni chombo cha kumnasia kamongo katika vinamasi vya Uganda, Zambia na Sudan Kusini. Picha zake zinavuma kwa sababu ya uso, basi.

Kwa upande wa sura, mimi ningempa nafasi ya kwanza kasuari wa Australia kaskazini na Guinea Mpya. Ana upanga mgumu kichwani, shingo tupu ya rangi ya buluu, na vidole vitatu ambavyo kile cha ndani kina ukucha unaoweza kufikia urefu wa sentimita 12. Mwaka 2019 kasuari aliyekuwa akifugwa huko Florida, Marekani, alimuua mfugaji wake. Wa pili ningemtaja hoatzini wa misitu ya Amazon, ambaye kinda lake huzaliwa na kucha mbili katika kila bawa. Likihofia adui hujitupa majini kutoka kiotani, kisha hupanda mti tena kwa kucha hizo. Atakayeona jambo hilo atamkumbuka ndege wa kale aitwaye Archaeopteryx, ambaye kiunzi chake kilipatikana Ujerumani mwaka 1861: alikuwa na manyoya kamili ya mabawa, na pamoja nayo meno, mkia mrefu wa mifupa na kucha tatu katika kila bawa. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 150.

Hata hivyo, lau kazi ya kuongoza wageni ingekuwa yangu, nisingewaacha wakodolee nyuso. Ningewaelekeza kwenye miguu. Heroe anaposimama pale Sabaki, watu husema goti lake limekunjika kinyumenyume, ilhali kiungo kile si goti bali ni kifundo cha mguu. Goti la kweli liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo, na ndege anatembea kwa vidole vyake huku kisigino kikiwa hewani, kama walivyotembea dinosau wa miguu miwili. Asiye na darubini na achukue mguu wa kuku jikoni, autazame magamba yake yaliyopangana na vidole vitatu vilivyoelekea mbele, kisha autafute mbele ya kidari mfupa mwembamba wenye umbo la herufi V. Mfupa huo umepatikana pia katika viunzi vya Tyrannosaurus, yule dinosau mkubwa mla nyama. Na tangu mwaka 1996, mkoa wa Liaoning nchini China umetoa visukuku vya dinosau wasioruka waliokuwa na manyoya mwilini.

Mvuvi wa Mayungu

Maalim, shukrani, lakini mimi bado nina pingamizi. Kama tunatafuta mabaki ya dinosau, mamba wa mto huohuo wa Sabaki anafanana nao kuliko heroe yeyote mwenye rangi ya waridi. Magamba anayo, meno anayo, mkia anao. Mbona yeye hahesabiwi?

Maalim wa Biolojia

Pingamizi lako lina msingi. Mamba si dinosau, ila yeye na dinosau walitoka kwa babu mmoja wa kale zaidi, na ndiyo maana mamba yuko karibu na kuku kuliko alivyo karibu na kenge, ingawa macho yanakataa. Pasua moyo wa mamba utakuta vyumba vinne, kama vya ndege. Wa kenge una vitatu. Mamba jike pia hujenga kiota na kuyalinda mayai yake.

Kuhusu ndege wa kwetu, nimesahau kumtaja mbuni, naye yuko Tsavo Mashariki kwa anayeingia kupitia lango la Sala. Hukimbia hadi kilomita 70 kwa saa, na chini ya manyoya ya mabawa yake kuna kucha ambazo wageni wengi hawazijui.

Mwongozaji wa Sabaki (Malindi)

Nimeelewa, Maalim, Mungu akuzidishie. Limebaki moja tu: katika pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, kuna mahali palipochimbwa dinosau wenyewe?

Mtu wa Lindi

Kupo, ndugu, huku kwetu Tendaguru, Tanzania. Wajerumani walichimba kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, wakitegemea mamia ya vibarua wenyeji waliobeba mifupa kichwani hadi bandari ya Lindi. Kiunzi cha Giraffatitan, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimamishwa katika makumbusho ya Berlin hadi leo, na mjadala wa kukirudisha haujaisha. Usije ukamwambia mgeni kwamba huyo ni babu wa ndege, maana alikuwa wa tawi jingine, la wala majani wenye shingo ndefu. Lakini mifupa ya shingo yake ilikuwa na matundu ya hewa ndani, na matundu ya namna hiyo utayakuta pia katika mifupa ya ndege.