Monster Manual mpya ya Februari au nihamie Pathfinder?

Mwana_wa_Dadu, Desemba 2024
Wakuu habari za jioni. Hela ninayo ya kitabu kimoja tu. D&D (ule mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu) wanatoa kitabu kipya cha mazimwi, Monster Manual, tarehe 18 Februari 2025, mazimwi zaidi ya 500. Jamaa yangu anasema nisisubiri, nichukue Monster Core, kitabu cha mazimwi cha Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, kiko sokoni tangu Machi. Naombeni ushauri.

Pembe20
Mkuu, mbona hujaeleza? Mko wangapi mezani? Player's Handbook (kitabu cha sheria cha wachezaji) mliyonayo ni ya 2014 au ya Septemba hii? Halafu unaishi wapi? Dola 50 za Monster Manual ni bei ya Marekani, usafiri bado.

Zimwi la Pangani
Asubiri nini? Sheria za Pathfinder ziko bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, mazimwi yakiwemo, kwa idhini ya wachapishaji wenyewe, Paizo. Zamu yako una vitendo vitatu, vitumie upendavyo. Mgeni anaelewa siku hiyohiyo. Hela anunulie dadu.

Mama Kete
Wanangu, la usafiri msilipite haraka. Niliagiza Dungeon Master's Guide, kitabu cha msimamizi wa mchezo, kupitia wakala wa mizigo. Kila nikipiga simu naambiwa kesho. Kilipofika boksi limelowa, kurasa za vifaa vya uchawi zimegandana, nikizibandua wino unahamia upande wa pili. Nikamrudia wakala, akanionyesha sahihi yangu ya kupokea, basi. Hadi leo vifaa vile navisoma nusunusu. Kama una ndugu anakuja kwa ndege, mwombe akubebee kwenye begi la mkononi.

Pembe20
Ndiyo maana nasema achukue cha mtandaoni, kwenye tovuti rasmi ya D&D Beyond.

Zimwi la Pangani
Hao hao? Januari 2023 walitaka kuibana leseni ya OGL, ile inayoruhusu wengine kutumia sheria zao, waliyoitoa tangu 2000! Mimi siwapi hata senti.

Pembe20
Malizia basi. Mwezi huohuo SRD 5.1 nzima, yaani hati ya sheria zao za msingi, wakaiweka chini ya leseni huria ya Creative Commons, na hawawezi kuirudisha. Ukiwataja tu kama inavyotakiwa, unaruhusiwa kuitafsiri kwa Kiswahili, hata kuuza.

Mwalimu_Kilwa
Hapo sasa! Beholder, lile zimwi la macho mengi, hayumo, ila majoka wamo, Djinni na Efreeti pia, na habari za majini nani atatufundisha watu wa pwani? Naandaa kampeni, yaani hadithi ndefu ya mchezo, ya Kilwa mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta anatia nanga, Sultani al-Hasan bin Sulaiman yuko madarakani. Wachezaji ni mabaharia wa jahazi.

Mama Kete
Mwalimu, upepo wa kusi umeuwekea sheria gani? Bila huo hakuna safari ya kurudi kaskazini.

Mwalimu_Kilwa
Nahodha anarusha dadu ya pande 20 kila wiki ya mchezo. Msimu ukikaribia kuisha, ugumu unapanda.

Mwana_wa_Dadu
Nilikuwa kazini wadau. Niko Muscat, tuko watano, kitabu chetu ni cha 2014. Mwalimu, hiyo ya Kilwa tunaweza kuingia kwa mtandao?

Zimwi la Pangani
Ukishapanda jahazi la Mwalimu, Monster Core itakusaidia nini?

Pembe20
Na wewe uliyesema anunue dadu?

Mwalimu_Kilwa
Karibuni. Nafasi zilizobaki ni tatu, ninyi watano, amueni nani anabaki nchi kavu.