Naomba ushauri: geji zinapanda nikiwasha taa, stata inagonga tu

Mafundi, naomba msaada, gari iko Mwanga, Kigoma. Nikiwasha taa kubwa, geji ya joto na ya mafuta zinapanda pamoja, nikizima zinarudi. Asubuhi stata inagonga bila kuzungusha injini. Betri ni nzima, volti 12.6. Lakini mita ikiwekwa kati ya nega (ncha hasi) ya betri na bloku ya injini wakati wa kupiga stata, inasoma volti 1.8, na haitakiwi kuzidi 0.5. Ndiyo maana nasita kununua stata, nahisi tatizo ni waya wa nega. Boliti inayofunga waya huo kwenye giaboksi imepigwa msasa mpaka chuma kikang'aa, mita ikashuka hadi 0.9 tu, na waya wenyewe una ukijani (kutu ya shaba) ndani ya ganda. Nibadilishe waya wote, au niongeze mwingine kutoka bloku hadi bodi?