Mjadala: Ushirikiano wa nje kwenye baiolojia uanzie wapi, maabara au kwa mwalimu?

Mwanzisha mada (Unguja)
Wadau, nauliza na msimamo wangu nautoa hapohapo. Kila tukitaja wafadhili wa masomo ya sayansi, tunataja hadubini na majengo. Mimi nasema pesa za mwanzo ziende kwa mwalimu, na somo lianzie kwenye viumbe vya kwetu.

Chukueni mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu za kutoka Ufilipino. Kina mama wa Paje na Jambiani wanajua fika kwamba kotonii, aina yenye bei nzuri, hufa maji yakizidi joto: matawi huwa meupe, hulainika, hukatika. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, hustahamili zaidi. Kamba moja ya mwani ina usanisinuru, maradhi, tofauti za kurithi na mabadiliko ya tabianchi. Mtoto wa mkulima huyo yuko skuli anakariri mchoro wa mmea ambao hajapata kuuona. Inaniuma sana.

Watafiti wa nje wanakuja kila mwaka, baharini na msitu wa Jozani kwa kima punju. Wakimaliza, data wanaondoka nazo. Mwalimu wa skuli ya jirani hapati hata picha moja ya kufundishia.

Mwalimu wa Wete
Kaka, hapo kwenye hadubini sikubaliani nawe. Mtihani wa kidato cha nne ni wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ni kwa Kiingereza, na una karatasi ya vitendo. Mwanafunzi asiyewahi kushika vifaa atafeli, hata kama mwani anaujua kuliko mtahini. Akija mtu na hadubini kumi, nazipokea.

Msomaji wa Chake Chake
Tusisahau popo wetu wa Pemba, wale wakubwa wanaokula matunda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kutoweka, na hawapatikani popote duniani ila Pemba. Wahifadhi wa nje walikaa na wanavijiji, vikundi vikaundwa, na leo ni maelfu. Wazee wa Kidike, kijiji kimojawapo chenye popo hao, wanaweza kumfundisha ikolojia mwanafunzi yeyote.

Mwanzisha mada
Maalim, zipokee, ila uliza nani atazitengeneza zikiharibika. Jaribio la wanga linataka kipande cha muhogo na iodini ya duka la dawa; linalokosekana mara nyingi ni mwalimu aliyelifanya mwenyewe kabla ya kuingia darasani. Mwaka 2007 Chuo cha tiba cha Matanzas, Cuba, kilianza kufundisha madaktari hapahapa Zanzibar. Walimu walikuja, wanafunzi wakabaki na wagonjwa wa kwao. Huo ndio ushirikiano ninaoutaka kwa walimu wa baiolojia.

Na hadithi ya Kidike imenipa nguvu. Kila kibali cha utafiti kinachotolewa kwa mgeni kiwe na sharti la maandishi: siku za kuwafunza walimu wa eneo lile, na sampuli na picha ziachwe skuli, maelezo yake kwa Kiswahili na Kiingereza. Tusiliachie hisani ya mtu.