Yule mzee wa chini ya mwarobaini leo kanifunikia ringi kwa sahani

Wakuu, habari za jioni, ingawa kwangu si nzuri. Naandika vidole vikiwa na grisi na kioo cha simu kimeshakuwa kama kikaango. Sijanawa, sijala.

Mnamjua. Wa Shinyanga mjini wote mnamjua, sina haja ya kutaja jina. Yule mzee fundi baiskeli mwenye redio iliyofungwa kwa mpira wa tyubu na kile kibenchi ambacho ukikaa kinakubana nyama. Huyo huyo.

Nimesuka ringi ya nyuma ya Phoenix yangu mwenyewe, nyumbani, usiku wa siku mbili, kwa tochi ya simu. Spoku moja moja. Baiskeli nimeipindua miguu juu, nimefunga kijiti kwenye foko kiwe kipimo. Ringi ikigusa kijiti upande huu, nalegeza robo mzunguko, nakaza upande wa pili robo mzunguko. Mke wangu kalala peke yake kama mjane. Jirani kauliza kama nafua dhahabu. Leo asubuhi nikaenda kwa huyo mzee, tena si kunyooshewa, hapana! Nilitaka aniazime spana bapa ya kukazia koni, dakika tano niondoke zangu.

Akaichukua bila kuombwa. Akaipachika kwenye ile foko yake ya kupimia. Akaizungusha. Ikaenda cha, cha, cha, inayumba huku na huku. Akaitazama mpaka ikasimama yenyewe, kisha akamgeukia yule dogo wake anayeziba pancha: "Dogo, lete sahani uifunike chapati ya watu isipoe."

ISIPOE.

Watu walicheka, wakuu. Vijana wa daladala baiskeli, mama wa maandazi, wanafunzi waliokuwa wamechelewa shule wakaamua kuchelewa zaidi. Kuna abiria alishuka kwenye keria ili acheke vizuri. Mbuzi aliyefungwa pale aliacha kutafuna. Kabla sijafika nyumbani shemeji kapiga simu kutoka Kahama anauliza nimefungua mgahawa lini.

Na huyo anayecheka ndiye aliyenisukia ringi mwaka jana kwa elfu nane! Upande mmoja spoku zimekazwa zinalia kama zeze, upande wa pili zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kila wiki inakatika moja. Ncha zilizochomoza kwa ndani hakuzipiga tupa, mkanda wa ringi hakuweka, tyubu ikatoboka mara nne. Nilimwambia neno? Nilimletea sahani?

Maana dogo aliileta kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Sahani ya plastiki, ina maua. Akaiweka juu ya ringi taratiiibu, kwa adabu kabisa, kama anamwandalia mkwe.

Pale sirudi. Bora nitembee kwa miguu mpaka Mwadui.

Kengele Mbovu: Hahahaha "ina maua". Pole mkuu. Weka picha ya chapati.

Mleta mada: Nimekuja kulalamika, sikuja kuonyesha.

Mama Wawili: Kaka yangu, ulisuka mtindo gani? Isije ikawa twende kilioni.

Mjukuu wa Phoenix: Punguzeni utani, kusuka ringi nyumbani siyo dhambi. Mkuu, ulikatiza ngapi? Nyuma spoku 40, kwa kawaida kila moja inakatiza wenzake wanne. Mbele 32, inakatiza watatu. Na kabla ya kunyoosha mara ya mwisho, ulizishika mbili mbili ukazibana kwa nguvu ili zikae? Usipozibana, ukipanda tu zinalia ting ting, zinajikunjua na kulegea, kazi yote bure.

Mleta mada: Asante, angalau mtu mmoja mwenye akili. Nilizibana sana, mpaka viganja vimevimba. Ila zangu ni 36.

Mjukuu wa Phoenix: 36 kwenye ringi ya matundu mangapi?

Mleta mada: 40.

Mjukuu wa Phoenix: ...

Mleta mada: Habu niliyopata, kile kitovu cha katikati zinapoanzia spoku, ni ya mtumba, ya baiskeli ya gia. Matundu manne yakabaki. Nikajua ni ya hewa.

Kengele Mbovu: YA HEWA

Tajiri wa Keria: Nimemwaga chai kwenye nguo za kazini. Yule mzee aongezewe sahani.

Mjukuu wa Phoenix: Mkuu, habu ya gia ni pana, uliingizaje kwenye foko ya Phoenix?

Mleta mada: Nilitanua kidogo kwa jeki ya gari.

Mjukuu wa Phoenix: Mimi nimejitoa kwenye huu uzi.

Mleta mada: Hata kama! Mtu mzima angeniita pembeni, "mwanangu, hapa umekosea, habu ya 36 inataka ringi ya 36." Angepungukiwa nini? Sahani ya nini?

Mama Wawili: Tena ya maua.

Mgeni Kariakoo: Samahani nachomekea. Nina baiskeli ya mtumba ya Kijapani, ringi nyembamba. Nimeomba tairi ya 28 duka moja huku Dar, nimepewa 28, inapwaya kama kaptula ya kuazima. Muuzaji kagoma kurudisha hela, anasema "si ulitaka 28?"

Mjukuu wa Phoenix: Nimerudi kwa hili tu. 28 ziko zaidi ya moja. Ile ya Phoenix, 28 x 1½, ringi yake ni ya kipenyo cha milimita 635. Yako bila shaka ni 700C, ambayo ni 622. Tofauti milimita 13, na wauzaji wote wanaita 28. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi la zamani, usitaje inchi dukani.

Mgeni Kariakoo: Kwa hiyo nimeibiwa milimita 13.

Tajiri wa Keria: Afadhali tairi unaliona. Mimi nauziwaga goroli zimechanganywa! Nyuma nataka za robo inchi, nyumbani nakuta humo humo kuna ndogo za mbele. Baiskeli inatembea inasaga kama mashine ya unga.

Mama Wawili: Mafundi wote baba mmoja. Mimi nina fundi cherehani, gauni la kipaimara cha mwanangu. "Njoo kesho mama." Kipaimara kilikuwa Jumapili. Leo Alhamisi bado ni kesho.

Kengele Mbovu: Wa kwangu alivaa suruali yangu kwenye harusi. Nimeiona kwenye picha!

Mama Wawili: Wewe! Ilimkaa?

Kengele Mbovu: Kuliko inavyonikaa mimi.

Mleta mada: Jamani, tulikuwa tunazungumzia sahani.

Tajiri wa Keria: Kengele, harusi ilikuwa ya nani? Na alikuwa na viatu gani?

Mgeni Kariakoo: Weka picha.

Kengele Mbovu: Naitafuta. Ngojeni.