Mjadala: Vijana waanze na riwaya gani ya distopia?

Maalim wa Kikwajuni: Assalaam alaykum. Nna vijana watano wa kidato cha nne, kila Ijumaa jioni tunasoma pamoja. Sasa wanataka distopia, riwaya za nchi ambayo wakubwa wameshika kila kitu mpaka fikra za mtu. Mie nasema waanze na Nineteen Eighty-Four ya Orwell, halafu Brave New World ya Huxley. Za kwetu sizioni. Na mwenye kupendekeza ya Kiswahili, kiwe Kiswahili kilichonyooka, si cha Kipemba, maana vijana wana mtihani.

Kijana wa Amani: Huyo Huxley si alimuiga Orwell? Niliambiwa hivyo.

Bint Makunduchi: Aliyekwambia kakudanganya. Cha Huxley kimetoka 1932, cha Orwell 1949. Na kabla yao yupo Zamyatin, Mrusi, na kitabu chake We. Kwao hakikuchapwa, kikatokea New York kwa Kiingereza 1924. Watu wa mule hawana majina, wana namba, na kuta za nyumba zao ni kioo. Maalim, mbona The Handmaid's Tale ya Atwood hukuitaja? Wanawake wamekatazwa kusoma, hata vibao vya maduka vimeondolewa maandishi, imebaki michoro. Bibi yangu hakujua kusoma, dawa zake akizitambua kwa rangi ya kifuniko. Nilipofika pale nilikifunga kitabu, siku ile sikuweza kuendelea.

Mpemba wa Wete: Yote nimeyasoma, lakini nimekwama pale "si cha Kipemba". Maalim, mwandishi Said Ahmed Mohamed kazaliwa wapi? Si Pemba? Soma Babu Alipofufuka, 2001. Babu mtu katoka kaburini kuja kumwandama mjukuu wake, K, mkubwa serikalini aliyezama katika starehe. Hiyo nayo huioni?

Maalim wa Kikwajuni: Sikumtusi mtu. Nimesema mtihani. Kiswahili sanifu msingi wake ni Kiunguja, na hilo lilikatwa zamani.

Mpemba wa Wete: Lilikatwa na nani? Na mkutano wa Waingereza kule Mombasa, 1928, halafu kamati ya lugha waliyoiunda 1930 ikasimamia. Sasa rudi kwenye hicho kitabu chako cha Orwell, Nineteen Eighty-Four. Mule yumo Syme, kazi yake kutengeneza kamusi, na raha yake ni kuwa kila toleo maneno yanapungua, mpaka siku mtu akitaka kuasi asipate neno la kuasia. Mie skuli nilichapwa viboko vinne kwa kusema "kuvyaa". Mwalimu akaniambia hiyo lugha ya porini, sema "kuzaa". Haya, mkeo anamwitaje mama yako? Si mavyaa? Mama aliyemvyaa mumewe! Neno mnalo majumbani mwenu kila siku, mtoto wa Wete akilitamka analambwa viboko.

Bint Makunduchi: Kweli tupu. Na kwetu wazee ni wavyele, neno ni lile lile. Nilikuwa sijapata kuliwaza.

Mzee wa Michenzani: Mnagombania maneno na kitabu kipo mbele yenu. Haini ya Adam Shafi, 2003. Mkuu wa nchi kauawa, Hamza na wenziwe wamo gerezani wanateswa waseme wanalotakiwa kulisema.

Kijana wa Amani: Lakini mzee, kwa heshima, hiyo historia. Distopia ni jambo ambalo halijatokea.

Mzee wa Michenzani: Kwako wewe halijatokea, mwanangu. Mwandishi mwenyewe alifungwa baada ya Rais Karume kuuawa 1972. Mie nilikuwa mtoto, nasimama foleni ya mchele na kikapu cha mama, nimeshafundishwa: ukiulizwa baba yuko wapi, sema kaenda shamba. Katika hicho cha Orwell yumo Parsons, anachongewa na bintiye mwenyewe wa kumzaa. Kwetu mama na shangazi walikuwa hawazungumzi mpaka sisi watoto tulale. Nilikuwa nafumba macho, najifanya nimelala. Hilo usiniambie halijatokea.

Mtu wa Mkoani: Shikamoo mzee. Mie naomba Shamba la Wanyama isisahauliwe, ya Orwell huyo huyo, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, 1967. Nakala ya skuli yetu haikuwa na kurasa za mwisho. Miaka nikiamini kitabu kinaishia pale farasi aliyefanya kazi mpaka akaanguka anapakiwa kwenye gari la mchinjaji. Nilipokuja kuisoma nzima, nikakuta nguruwe wanatembea kwa miguu miwili na wanacheza karata na watu! Na Fahrenheit 451 ya Bradbury, 1953, wapeni vijana. Vitabu vinachomwa moto, na waliokimbia wamevihifadhi kichwani, kila mtu na chake. Sisi tuliokulia chuo cha Kurani tunahifadhi juzuu kwa juzuu tutaielewa kuliko Marekani walioiandika.

Maalim wa Kikwajuni: Ahsanteni. Ila ndugu yangu wa Wete, mie sikukuchapa.

Mpemba wa Wete: Hukunichapa. Umesema lugha ya mama yangu haikunyooka, na umesema mbele ya watu.

Maalim wa Kikwajuni: Mtoto akiandika "kuvyaa" kwenye mtihani anakatwa alama. Nifanye nini mie?

Mpemba wa Wete: Umpeleke BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Wametoa kamusi la Kipemba, la Kitumbatu na la Kimakunduchi. Hao hawakuona porini.

Kijana wa Amani: Kamusi *ya*, bwana, si kamusi *la*.

Mpemba wa Wete: Kamusi la Kiswahili Fasaha, BAKIZA, 2010, imeandikwa hivyo hivyo jaladani. Nenda kawasahihishe.

Maalim wa Kikwajuni: Na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, 1981 wameandika Kamusi *ya* Kiswahili Sanifu. Tukae hapo hapo.