Kutafuta vipepeo na kereng'ende siku za mapumziko: tupeane uzoefu

Wa Muheza
Naanza na saa, maana wengi hukosea hapo. Kipepeo mwenye baridi haruki. Saa 2 hadi saa 4 asubuhi utamkuta ametandaza mabawa juu ya jani, anaota jua, na hapo ndipo anapokaribika. Ikifika saa 6 ameshapata moto, utabaki kumsindikiza kwa macho. Kereng'ende ni kinyume chake: jua kali ndiyo raha yake, kando ya maji. Mwendee umeinama, na kivuli chako kisimpitie.

Wa Malindi
Msizunguke sana. Tafuta tope la njiani baada ya mvua, au mahali ng'ombe walipokojoa. Madume hutua hapo kunyonya chumvi, na akishazama kunywa unampiga picha ukiwa hatua moja tu. Wale wakubwa wenye mbio, jamii ya Charaxes, maua hawana habari nayo. Ponda ndizi 3 zilizoiva mpaka ganda jeusi, tia kijiko cha sukari na pombe kidogo, funika siku 2 au 3 zichachuke, kisha zitundike kwenye sahani usawa wa kifua. Ndizi isiyochachuka hainuki, kwa hiyo hawaji. Kamba ipakwe grisi, la sivyo sisimizi watakutangulia mezani.

Wa Kibaha
Kwenye kutambua, mtego mkubwa ni huyu wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe. Wapo wawili. Danaus chrysippus ana sumu, ndiyo maana anaruka bila haraka. Jike la Hypolimnas misippus hana sumu, anamwigiza tu. Usitazame bawa la mbele, litakudanganya. Tazama la nyuma, upande wa juu: Danaus ana madoa meusi 3 au 4 katikati, mwigaji ana moja tu ukingoni mwa mbele. Dume la mwigaji ni jeusi lenye mabaka meupe ya mviringo. Mgeni hawezi kudhani ni mke na mume.

Wa Morogoro
Kwa kereng'ende, tembea ukingoni mwa bwawa taratibu. Kuna mdogo anayependa kufuatana na watu, dume lake lina mkanda mweusi mabawani (Brachythemis leucosticta). Anadaka wadudu wanaotimuliwa na miguu yako. Ukisimama, anatua chini mbele yako. Anayeanza aanze na huyu.
Halafu kagua matete juu kidogo ya maji. Ukikuta ganda kavu la kahawia lililopasuka mgongoni, ujue kereng'ende amekulia hapo, si mpita njia. Makundi ya manjano yanayozunguka juu ya uwanja wa mpira wakati wa mvua ni Pantala flavescens, msafiri wa bahari. Hutaga hata kwenye madimbwi ya muda.

Wa Malindi
Asiye na nafasi ya kutoka akague mlimao wa uani. Kinachofanana na kinyesi cha ndege juu ya jani ni kiwavi wa Papilio demodocus. Akikua anakuwa kijani. Mguse taratibu, atachomoza pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Mlimao uliopuliziwa dawa, usihangaike nao.

Wa Muheza
Kwenye msitu wa hifadhi, wavu uacheni nyumbani kama hamna kibali. Kutazama na kukamata ni mambo mawili.