Tupeane uzoefu: Mliosafiri mbali kwa baiskeli na mwenza, ilikuwaje?

Wakuu, salaam. Nyuzi za waliosafiri kwa baiskeli peke yao zimejaa tele, ila za mtu na mwenza wake ni za kutafuta kwa tochi. Nadhani ni kwa sababu nusu yao walirudi hawasemezani. Naanza mimi, nanyi mshushe zenu.

Mimi na mke wangu tulipiga kilomita 1,140 kwa siku 19. Ukigawa utaona ni 60 kwa siku, si maajabu. Tulijiandaa miezi mitano: hema, mikoba, ramani, tairi mpya. Katika miezi yote hiyo hatukuwahi kupanda pamoja hata siku moja baiskeli zikiwa na mizigo yake. Kosa letu lilianzia hapo.

Siku ya 3 ilikuwa ya vilima mfululizo. Mimi mlimani ni mwepesi, yeye hapana. Basi nafika juu, nashuka, nakunywa maji, napiga picha, namsubiri. Akitokea tu, mimi nishapoa, nadandia: "Haya, twende." Na nilikuwa najiona mume mwema kweli, si namsubiri jamani? Kilima cha nne alipofika hakusema neno. Akailaza baiskeli kwenye nyasi taratibu, akavua glavu kidole kimoja kimoja, akaketi juu ya mkoba. Nikamwambia jua linaenda. Akanijibu, "Wewe leo umepumzika mara nne. Mimi sijapumzika hata mara moja."

Sikuwa na cha kusema. Hesabu ilikuwa sahihi.

Kuanzia siku ile anayekwenda polepole ndiye anakaa mbele, na ndiye anayeamua tunasimama wapi. Mizigo nayo tukaigawa upya, tena si nusu kwa nusu: hema, jiko, vipuri na maji ya akiba vyote vikahamia kwangu, kama kilo 9 hivi. Mlimani kila kilo unailipia, kwa hiyo mimi nikapungua kasi, yeye akapata ahueni, tukajikuta tunakwenda sambamba bila mtu kujikaza wala kumsubiri mwenzake. Natangulia mimi upepo wa mbele ukiwa mkali tu, yeye anajibanza nyuma yangu. Hata kwa mwendo wetu wa pole mtu wa nyuma anausikia unafuu miguuni.

Karibuni.

Mama Pedeli:
Kwetu ni kinyume, mwenye kasi ni mimi. Ila shida yetu haikuwa kasi, ilikuwa usiri. Mume wangu ni wa wale wanaume ambao hawaumwi. Jioni ya siku ya 5 namwona anahangaika na zipu ya hema, anaishika, inamponyoka, anaishika tena. Nikadhani ni uchovu. Kumbe kidole cha mwisho na cha pembeni yake vimekufa ganzi mkono wa kulia tangu siku ya 2, na hajasema!

Kwa wasiojua: kuna mshipa wa fahamu unapita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Ukiegemea usukani saa nyingi kiganja kikiwa kimekunjwa, unaubana. Yeye siti yake ilikuwa imeinamia mbele, kwa hiyo mwili mzima unateleza kwenda kwenye mikono. Tulitoa spana, tukaisawazisha siti, tukapandisha usukani kama sentimita 2, na nikawa namkumbusha abadilishe mshiko kila baada ya muda. Dakika kumi za kazi. Lakini vidole vilichukua karibu mwezi kurudi sawa.

Nilimkasirikia sana, na sijutii. Mkiwa wawili porini, maumivu yako si siri yako. Mimi ndiye ningelisukuma lile baiskeli la pili.

Siti ya Nyuma:
Dada hapo juu na mleta uzi, dawa ya kasi ni baiskeli moja ya watu wawili. Hakuna wa kumwacha mwenzake! Wa mbele ana usukani, gia na breki, wa nyuma ana miguu na imani. Nimetazama mgongo wa mume wangu kwa kilomita 700, naujua kuliko uso wake.

Hasara yake ni hii: wa nyuma haoni barabara, kwa hiyo wa mbele lazima aongee. "Shimo." "Nabadili gia." "Tunasimama." Wangu alikuwa anasahau, kila shimo nalipokea na uti wa mgongo. Siku ya pili nikagoma kukanyaga pedeli. Hakunung'unika, ila ilipofika mlimani alianza kutangaza mashimo kama kondakta.

Na kingine, hiki si cha utani. Watu wawili na mizigo ni karibu kilo 180, na breki zetu zilikuwa za kubana rimu. Mteremko mrefu, yeye kashikilia breki mfululizo. Chini kabisa, tumeshapunguza mwendo, tukasikia mlio kama wa bunduki: tairi la nyuma limepasuka. Nikagusa rimu, nikaunguza ncha za vidole. Joto la breki lilikuwa limeingia kwenye rimu hadi tyubu. Ingetokea katikati ya mteremko nisingekuwa hapa naandika. Sasa tunabana kwa vipindi, na mteremko ukiwa mrefu tunasimama njiani rimu ipoe, hata kama roho inataka kuteleza.

Njia Panda:
Sisi tuliishia siku ya 6. Kila mmoja na simu yake, kila simu na programu yake ya ramani, moja inasema kushoto, nyingine kulia. Kila mtu akafuata simu yake. Tulikutana saa nne baadaye, wote tumelowa. Tukarudi kwa treni, baiskeli zimekaa pamoja, sisi behewa tofauti.

Thomas Stevens aliondoka San Francisco mwaka 1884 na lile baiskeli la gurudumu kubwa la mbele, akafika Yokohama mwishoni mwa 1886. Alikuwa peke yake. Sisemi zaidi.

Spana Kumi:
@Njia Panda umenichekesha. Simu moja iongoze, ya pili izimwe itunze chaji. Kwisha.

Mimi niongezee upande wa vyuma. Spoku zinazokatika safarini mara nyingi ni za gurudumu la nyuma, upande wa cheni. Pale zimekazwa zaidi kuliko upande wa pili, na mzigo wote umelala nyuma. Hivyo beba spoku tatu za urefu wa upande ule, zifunge kwa utepe kwenye fremu, NA ubebe kifaa cha kutolea sproketi (yale meno ya gurudumu la nyuma yanayokamata cheni), maana bila kutoa sproketi kwanza spoku haiingii. Nimewahi kukaa kando ya barabara na spoku mkononi kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba ya jirani.

Cheni nayo ipime kabla ya kuondoka. Chukua rula: kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha, la sivyo itakula na meno ya sproketi.

Mkiwa wawili, fanyeni tairi na tyubu ziwe za saizi moja kwenye baiskeli zote mbili. Akiba inakuwa nusu.

Mleta uzi:
Mkuu Spana, hiyo ya saizi moja tuliijua kwa kuchelewa. Tulibeba tyubu za aina mbili safari nzima.

Kuna aliyeniuliza pembeni kama tutarudia. Mke wangu ndiye anayenisukuma, anataka siku 30. Amefunga na kengele: akiipiga mara moja tunasimama, mara mbili nimezidisha mwendo. Mimi nimeomba jambo moja tu, safari hii jiko abebe yeye. Ameniambia atafikiria.